Mguu wa Kumwonyesha Fundi

Chuoni walimwita Uliza Tena, na mwenyewe alijua wala hakununa. Alikuwa mshauri wa kazi, mwanamume mrefu mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, na ofisi yake ilikuwa mwisho kabisa wa korido, ukishapita stoo ya mafagio. Ukiingia na kumwambia kwamba umeshajua unachotaka kufanya maishani, atakukalisha, atakuuliza umejuaje, atakusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza, halafu atakuambia nenda kaulize tena. Wapo waliotoka mle wakisonya. Wapo waliokwenda kweli, wakarudi wamebadilisha mawazo, na hao ndio waliompa kichwa akazidi kuwasumbua wengine.

Binti tunayemzungumzia hapa hakuona kwa nini asumbuliwe. Alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha afya, na mwisho wa muhula kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua mchepuo: maabara, picha za mifupa, mazoezi ya viungo, au utengenezaji wa viungo bandia. Wenzake walikuwa wakikuna vichwa. Yeye alishachagua tangu kimo chake hakijafika mezani. Baba yake alikuwa fundi wa miguu ya bandia katika karakana iliyo nyuma ya hospitali, na tangu akiwa mdogo, akitoka shule ni moja kwa moja kwa baba. Alikaa pale akichezea mabaki ya plasta, haachani na mzee wake hata kwa dawa, mpaka wagonjwa wakambandika jina la Gundi. Jina likamganda, likaja naye mpaka chuoni.

Karakanani mlikuwa na meza mbili. Ya baba ilikuwa karibu na tanuri, lile linalolainisha plastiki nene kabla ya kuvishwa juu ya kalibu ya plasta. Ya pili ilikuwa chini ya dirisha, haina mtu tangu fundi mwenzake alipostaafu. Wakubwa wa hospitali walishaitamani karakana ile iwe stoo ya vitanda, lakini maadamu fundi yupo na wagonjwa wanakuja, hawakuwa na la kusema. Baba hakuruhusu mtu aweke hata kofia juu ya meza ya pili. Ukimuuliza, anasema ina mwenyewe, yuko chuo. Gundi naye kila likizo aliipangusa vumbi. Hakuwa na ndoto nyingine duniani. Alitaka kukaa pale, mgongo wake umeuelekea mgongo wa baba yake, wafanye kazi pamoja mpaka mzee achoke mwenyewe.

Hayo yote alimweleza Uliza Tena kwa pumzi moja, akangoja apewe hongera. Mshauri akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akamuuliza kama ameshawahi kushinda kutwa nzima na fundi mwingine wa kazi hiyo, asiye baba yake. Gundi akasema hapana, wa nini. Mshauri akamwambia vitabu asome, na mtandaoni aangalie, hakuna ubaya, lakini huko kazi huwa imevaa nguo za sikukuu. Aende aione ikiwa na nguo za nyumbani. Amfuate mtu tangu anapofungua mlango mpaka anapofunga. Amuulize kazi hiyo imempa nini na imemchukulia nini mwilini. Amuulize na yule anayehudumiwa, maana huyo ndiye anayejua. Na akishauliza, afunge mdomo. Jibu la kwanza ni la wageni, alisema, la pili huja lenyewe ukiwa hukuliharakisha.

"Na usimuulize ndugu yako," akamalizia. "Ndugu hatakuambia kazi ilivyo. Atakuambia anavyokupenda."

Gundi alitoka amevimba. Lakini alikuwa mtoto wa fundi, akipewa kazi anaifanya. Upande wa pili wa mji kulikuwa na karakana nyingine ya miguu, mpya kidogo, ya mama mmoja mnene mcheshi ambaye kila mtu, hata wazee waliomzidi umri, alimwita Shangazi. Gundi akapiga simu, akakubaliwa. Hakusema ni mtoto wa nani. Uliza Tena alikuwa amewaonya kwamba mwanafunzi anayeingia kwa jina la mzazi wake hupewa soda na kiti, kazi haonyeshwi.

Jioni alimwambia baba yake. Mzee alikuwa akila, mama akiwa amekaa pembeni yake. Baba akaacha kutafuna, akauliza kama atakaa huko kutwa. Gundi akasema ndiyo, tangu asubuhi. Mzee akamwambia ni vizuri, mama, kama alivyozoea kumwita bintiye, akawaone wenzao wanavyofanya. Kisha akaisukuma sahani pembeni, chakula kikiwa nusu. Gundi alidhani ni wivu wa kifundi, akacheka moyoni.

Kwa Shangazi hapakuwa na nguo za sikukuu. Redio ilikuwa ikiimba juu ya kabati, sakafu imejaa vumbi jeupe, na kabla jua halijapanda Gundi alikuwa ameshakoroga plasta, amefagia, amefua soksi za vigutu, yaani zile soksi nene ambazo mtu huvaa kwenye kipande cha mguu kilichobaki kabla hajavaa ule wa bandia. Shangazi alikuwa akifundisha huku akitania. Alimwonyesha jinsi anavyopapasa kigutu cha mgonjwa na kuweka alama za zambarau kila palipo na mfupa. Akamweleza kwamba sehemu ya juu ya mguu wa bandia, ile kigutu kinamoingia, wao huiita kikombe, na kikombe ndicho kila kitu. Penye nyama unaweza kubana. Penye mfupa unaacha nafasi. Ukikosea hapo, hata ungepaka rangi ya dhahabu, umemtengenezea mtu mateso.

Gundi alijua hayo, lakini alitulia akasikiliza. Akauliza swali la mshauri: kazi hii inachukua nini mwilini? Shangazi akashika kiuno, akasema mgongo, mwanangu, mgongo na magoti. Gundi akafunga mdomo. Shangazi akageuza kalibu, akapuliza vumbi, na kweli jibu la pili likaja.

"Vidole," akasema. "Mashine ya kusagia inatetemeka, na wewe umeikumbatia kutwa, miaka nenda miaka rudi. Mwisho vidole vinakuwa vyeupe, vinakufa ganzi. Unapapasa mtu na husikii kitu. Mimi navaa glavu nene, na nikichoka naizima. Wa zamani hawakuambiwa. Na fundi asiyesikia kwa vidole anaukisia mfupa, hauoni."

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia mzee mmoja mwenye tumbo la mbele, anatembea kwa raha zake, mfuko mrefu wa turubai begani. Gundi alimjua kabla hajageuka. Alikuwa Dereva, aliyeendesha malori mpaka lori likamla mguu, mgonjwa wa baba yake tangu zamani, yule ambaye alikuwa akimletea peremende enzi zile anacheza na plasta. Alikuja kwa Shangazi kukaziwa mkanda. Shangazi, mgongo wake umewaelekea, akamtania.

"Leo si ndiyo zamu yako kwa yule mzee? Mguu wa kumwonyesha fundi umeubeba?"

"Nimeubeba," Dereva akasema, akaugonga mfuko. Halafu akamwona Gundi, na uso ukamsawijika.

Shangazi aligeuka, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaizima redio. Dereva akaketi. Akajaribu kucheka, akasema mtoto huyu amekua, hata angekutana naye njiani angempita. Gundi akausogelea ule mfuko. Akamuuliza kilichomo ndani.

Dereva akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na mguu uliotengenezwa na baba yake. Angeutambua gizani, kwa jinsi mzee alivyokuwa akiviringa ukingo wa kikombe ili usikate nyuma ya goti mtu akikaa.

Basi ikabidi yote yaelezwe. Miguu ya kwanza aliyotengenezewa na baba Gundi, Dereva alisema, alitembea nayo akalia kwa furaha, na asije mtu akamwambia kuna fundi mwingine chini ya jua. Lakini baadaye ikaanza kuuma. Akadhani ni kigutu kimebadilika, akavumilia. Wa mwisho ukamtoboa mpaka akalazwa. Ndipo mgonjwa mwenzake, mama muuza vitambaa, akamnong'oneza kuhusu Shangazi. Kumbe na yeye alikuwa ameshahamia huku. Kumbe na wengine.

"Kwa nini hamkumwambia?" Gundi akauliza.

"Tumwambieje?" Dereva akasema. "Yule mtu alinikuta nataka kufa. Alinishika mkono akanisimamisha, akanifundisha hatua kama mtoto mchanga. Leo nimwambie ananiumiza? Siwezi. Hakuna anayeweza. Kwa hiyo siku za kukaguliwa tunabadilisha pale kwa fundi viatu, nje ya geti. Tunaingia na wake, tunatoka, tunavaa huu."

Gundi akauliza ni wagonjwa wangapi wanaofanya hivyo. Dereva akatazama sakafu, akasema karibu wote, ukiacha wageni.

Shangazi akauchukua ule mguu, akamwambia Gundi aingize mkono kwenye kikombe, upande wa nje, chini kidogo ya goti. Kila mtu ana kifupa pale, kimekaa juu juu, ngozi tupu. Pale ndipo fundi huacha nafasi. Gundi akapapasa, akapapasa tena. Hapakuwa na nafasi. Palikuwa laini, pamenyooka, pamepigwa msasa vizuri sana. Nafasi ilikuwepo, lakini pembeni, mahali pasipo na mfupa wowote.

Na mambo mengi aliyokuwa akiyapita bila kuyatazama yakamjia kwa pamoja. Kwamba siku hizi ni mama anayemfunga baba vifungo vya shati. Kwamba mzee hushika sufuria ya moto mpaka mtu ampigie kelele. Kwamba akipima mgonjwa anatazama sana na kupapasa kidogo. Gundi alikuwa akiyaita hayo uzee. Alikuwa anajivunia kwamba wagonjwa wa baba yake hawana malalamiko, aliwahi hata kuwatambia wenzake darasani. Akajiona mjinga, na uchungu ukampanda mpaka akashindwa kushukuru alipoaga.

Alifika karakanani mchana huohuo, akakaa kwenye kigoda chake cha zamani. Haukupita muda Dereva akaingia anatabasamu, amevaa mguu aliotengenezewa na baba. Yeye na Gundi walitazamana mara moja tu. Dereva akashika vile vyuma viwili ambavyo wagonjwa hutembea katikati yake, akaenda, akageuka, akarudi. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye paji la uso. Baba akamuuliza unaonaje, akasema safi kabisa, fundi, mkono wako ni uleule. Baba akapiga goti, akagonga kikombe kwa kiganja, akaunyanyua mguu akakitazama kiatu kwa chini. Akasema vizuri. Wakaagana kwa mikono miwili, na Gundi akasikia hatua za mtu yule zikienda kwenye korido, polepole, kila hatua ikigharimu.

Roho ilimuuma Gundi mpaka akaona afadhali asingekwenda kokote, asingeuliza chochote, angechagua tu mchepuo wake akaja kukaa chini ya dirisha kama walivyopanga. Lakini alishajua. Na Uliza Tena alisema usimuulize ndugu yako. Basi hilo ndilo akaamua kulivunja.

"Baba," akasema, "kazi hii imekuchukulia nini mwilini?"

Mzee akacheka. Akasema ndiyo hayo mnayofundishwa chuo? Mgongo, akasema. Na macho, lile vumbi si mchezo. Gundi akanyamaza. Baba akachukua brashi akapangusa meza yake, akapanga misasa, akaipangua, akaipanga upya. Kisha akaweka mikono yote miwili juu ya meza, vidole vimetandazwa, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Hivi," akasema. "Havisikii kitu. Tangu hujaingia chuo."

"Na wagonjwa? Unajua?"

"Wananionyesha tu, kisha wanakwenda kuvua. Najua. Kiatu cha mguu wao mzima kimelika kisigino, cha mguu wangu utasema kimetoka dukani jana. Ndani ya kikombe hamna hata harufu ya jasho. Mimi ni fundi, mama. Mguu uliovaliwa na ambao haukuvaliwa, nisijue?"

Gundi alikuwa akilia, hata hakujificha. Akamuuliza kwa nini basi hakuacha. Kwa nini kutwa anakoroga plasta, anachoma plastiki, anasaga, ili miguu ikae kwenye mifuko.

"Ningeacha, wangefunga hapa siku hiyohiyo," baba akasema. "Meza yako ingekwenda na stoo. Nikasema nivute vute mpaka umalize. Wewe utakuwa vidole, mimi nitakuwa macho. Kilichobaki si kirefu. Na mguu usiovaliwa haumuumizi mtu."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, na Gundi, nisimfiche, alishawishika. Alifikiri: ni kweli, bado mwaka na kitu. Wagonjwa wana miguu mizuri ya kuvaa, baba ana heshima yake, meza ipo. Angeweza kuja jioni kupima badala ya baba. Nani angejua? Kwa muda mfupi aliona kila kitu kinawezekana, hata machozi yakakauka. Halafu akakumbuka maneno ya Dereva, ukiacha wageni.

"Na yule mtoto?" akauliza.

Alikuwa msichana wa shule, ametoka mbali na mama yake, amepewa mguu wake wa kwanza likizo iliyopita. Gundi mwenyewe ndiye aliyemchagulia rangi ya mkanda. Hakuwa anamjua mtu yeyote pale kwenye benchi la kungojea wa kumnong'oneza.

Baba akasema hajarudi. Gundi akauliza kama alitakiwa arudi. Baba akasema ndiyo, siku zake zimeshapita. Gundi akafunga mdomo. Mzee alisubiri aulizwe lingine, hakuulizwa, na akiwa amesimama vilevile akajifunika uso kwa ile mikono yake.

Kesho yake walifunga safari, wao wawili. Walimkuta mtoto mlangoni, ameegemea fimbo, mguu wa bandia umesimamishwa ndani nyuma ya kabati, kiatu chake kimefungwa kamba vizuri. Mama yake alipomwona fundi amekuja mwenyewe alitamani ardhi ipasuke. Akaanza kuomba radhi. Akasema huyu mtoto ni mvivu, mguu mzuri namna hii umetengenezwa kwa ajili yake, yeye anasema unamuuma, akiuvaa analia, hata shule ameacha kwenda. Kila asubuhi wanagombana. Jana amemchapa.

Baba akaketi kwenye kizingiti, akawa sawa na mtoto kwa kimo.

"Usimgombeze," akamwambia yule mama. "Si mvivu. Ni mimi."

Yule mama hakuelewa, ikabidi arudie, na kurudia kulikuwa kugumu kuliko kusema. Gundi alisimama kando, akamtazama mtoto akimtazama baba yake, na akatamani yule mtoto akasirike, apige kelele, atupe kitu. Mtoto hakufanya hayo. Aliuliza tu kama sasa anaruhusiwa kutouvaa.

Waliondoka naye mpaka kwa Shangazi. Kutoka hapo baba alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa hospitali, akamweleza mwenyewe, mlango umefungwa. Alichoambiwa huko hakukisimulia nyumbani. Ila tangazo lilibandikwa upesi kwamba karakana itafungwa mwisho wa mwezi na wagonjwa wote watahudumiwa upande wa pili wa mji. Mama alilia. Gundi alikwenda kwa Uliza Tena, akamsimulia kila kitu toka mwanzo, akangoja aambiwe kaulize tena. Mshauri hakusema hivyo. Alimvutia kiti karibu, akamuuliza baba yake anaendeleaje.

Siku ya mwisho wagonjwa walikuja kuaga. Walijaa kwenye benchi, wengine wakasimama ukutani: Dereva, mama muuza vitambaa, kinyozi, wengine Gundi alikuwa hawajui kwa sura. Walikuwa wamevaa nguo nzuri. Na kila mmoja wao, bila kuambiana, alikuwa amevaa mguu wa fundi wao. Ungeona jinsi walivyokuwa wakihamisha uzito upande mmoja huku wanacheka kwa sauti.

Dereva akasimama kusema maneno ya shukrani. Baba akamnyanyulia mkono.

"Kaeni," akasema. "Vueni."

Wakacheka, wakidhani ni utani. Akarudia. Hakuna aliyesogea. Mama muuza vitambaa akasema fundi, tuachie leo tu, leo ni siku yako. Baba akasema leo ndiyo siku yenyewe, hajawahi kumwomba mtu yeyote humu kitu, na sasa anawaomba. Gundi akaona hakuna atakayeanza. Akapiga magoti mbele ya Dereva, akafungua mkanda, akauvuta mguu. Soksi ilikuwa na doa la damu pale pembeni, chini ya goti. Kutoka getini mpaka hapa tu. Baba aliliona. Halafu wengine wakaanza kuvua, taratibu, wameinamisha vichwa, na miguu ikawekwa chini mmoja mmoja.

Sasa wangeondokaje? Ile mingine ilikuwa kwa fundi viatu. Gundi akatoka, akaenda getini, akarudi na mifuko mabegani na mikononi, akatoka tena, akarudi. Alipita nayo mbele ya macho ya baba yake, na kila mara alitaka kusimama amwombe msamaha, na kila mara hakusimama. Akawavalisha mmoja mmoja miguu ya Shangazi, katikati ya karakana ya baba yake.

Dereva alinyanyuka wa kwanza. Hakutaka kutembea, aliona aibu, lakini baba akamwonyesha vile vyuma viwili. Basi akaenda, akageuka, akarudi, mikono haigusi chuma. Baba alikuwa amechuchumaa, kichwa kimelala upande, anafuata kisigino, goti, nyonga, kama alivyokuwa akifanya miaka yote akitafuta kosa. Alimrudisha tena, na tena. Mwisho akasimama kwa kujishika meza, na machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye ndevu, wala hakuyafuta.

Walipokwisha kuondoka wote, baba akamuuliza Gundi kama kwa Shangazi pana meza ya ziada. Gundi akasema hajui, hakuangalia. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo bado ilikuwa na tumaini, kama anaulizia meza za watu wawili.

"Moja, mama," baba akasema. "Mwombe moja tu."